Kabla Maumivu ya Bawasiri Hayajakukuta Usiku: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkazi wa Mwanza na Visiwa vya Ziwa Victoria

Maumivu ya bawasiri, au mgolo kama baadhi yetu tunavyouita, hayana ustaarabu wa kusubiri maduka yafunguliwe. Mimi yalinikuta baada ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, ambazo karibu zote nilizimaliza bila kunywa maji kwa kuwa sikutaka kumwomba kondakta asimamishe gari porini. Choo nilichokipata siku ya pili yake kilikuwa kigumu kama kokoto, nikajikamua, na ilipofika saa nne usiku kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage pembezoni mwa njia ya haja kubwa, nikawa siwezi kulala ila kifudifudi. Nyumbani hapakuwa na dawa hata moja. Asubuhi nilinunua, katika duka ambalo sitalitaja, tyubu ya dawa ya kupaka ambayo tarehe yake ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefutika, na sikuikagua kwa sababu niliona aibu kuigeuzageuza mbele za watu. Yafuatayo ni mambo ambayo yangenisaidia usiku ule kama ningeyajua, au kuyaandaa, wiki moja kabla.

Kabla ya kutafuta cha kutuliza maumivu, yafaa mtu ajue ni nini hasa kinachomuuma, kwa maana watu wengi huita bawasiri kila kinachouma sehemu hiyo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Ile ya ndani, ambayo hukaa juu katika njia ya haja kubwa mahali pasipo na hisia kali za maumivu, kwa kawaida haiumi. Hutoa damu nyekundu inayong’aa, wakati mwingine hutokeza nje mtu anapojisaidia, kisha hurudi yenyewe au husukumwa kwa kidole. Inayouma ghafla na kwa ukali ni bawasiri ya nje ambayo damu imeganda ndani yake: uvimbe mgumu, wenye rangi ya bluu au zambarau, ambao huwa mkali zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo, halafu maumivu hupungua taratibu. Mtu ambaye anaumia kama aliyekatwa na kipande cha chupa wakati choo kinapita, na moto ule ukaendelea kumchoma kwa saa kadhaa baadaye bila uvimbe wowote wa kushika, yaelekea ana mpasuko wa ngozi ya ndani, na dawa za bawasiri hazitamfaa sana; kuna dawa nyingine za kupaka zinazolegeza msuli wa eneo hilo ili mpasuko upate damu na kupona, nazo huandikwa na daktari. Na yule ambaye maumivu yake yanapwita mchana na usiku, yanaongezeka kila siku, na mwili una homa, huenda ana jipu. Jipu halitulizwi kwa kupaka. Hupasuliwa likatolewa usaha, na kila siku ya kuchelewa huliongezea njia ya kupenya.

Kwa sisi wa kando ya ziwa kuna jambo la ziada ambalo maandishi mengi ya bawasiri yaliyoandikwa mbali na hapa hayaligusi. Damu kwenye choo, huku kwetu, inaweza kuwa kichocho cha tumbo. Vimelea vyake huishi katika konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayevuta nyavu akiwa ndani ya maji, na wengi tumefanya yote hayo tangu utotoni. Damu ya bawasiri mara nyingi hukaa juu ya choo, au hudondoka mwishoni, au huonekana kwenye kitambaa. Ya kichocho mara nyingi huwa imechanganyika na choo chenyewe, pamoja na utelezi, kuharisha na tumbo kusokota. Tofauti hiyo si ya kutegemewa peke yake, kwa hiyo mkazi wa Igombe, Kayenze au Ukerewe anayeona damu na aombe kipimo cha choo kabla hajaridhika kwamba ana bawasiri. Kipimo chenyewe ni rahisi, na dawa, prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito wa mwili. Aliyewahi kuambiwa kwamba ini au bandama lake limeharibiwa na kichocho, au aliyewahi kutapika damu, ana sababu nyingine ya kuwa mwangalifu: asimeze dawa za maumivu za ibuprofeni, dikilofenaki wala aspirini bila ushauri wa daktari, kwa maana mishipa yake ya ndani inaweza kuvuja damu nyingi.

La tatu ni saa. Uvimbe wa nje wenye damu iliyoganda unaweza kupasuliwa na daktari kwa ganzi ya sindano, kazi ya muda mfupi ambayo humpa mgonjwa nafuu ya haraka, lakini faida yake ni kubwa ndani ya saa 72 tangu maumivu yaanze. Baada ya hapo mwili wenyewe umekwisha kuanza kuimaliza damu ile, na kupasua huongeza kidonda bila faida ya maana. Hesabu hiyo humhusu sana mtu anayeishi mbali na mji. Wa Sengerema ana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa kuwa hakuna tena kungoja kivuko. Wa kisiwa cha Ukara au wa kambi ya uvuvi lazima ajue mapema siku na saa za chombo, kwa sababu akianza kuuliza siku ya tatu jibu halitamsaidia tena. Aandike saa maumivu yalipoanza. Katika wiki ile yangu nilipoulizwa na daktari nilijibu “jana au juzi”, naye akatabasamu kwa huruma.

Sasa tuje nyumbani, mahali ambapo nafuu ya kweli hupatikana kwa gharama ndogo. Kitu cha kwanza cha kuandaa ni beseni pana la plastiki ambalo mtu mzima anaweza kulikalia, lisilo la kufulia wala la kuoshea vyombo, likatengwa kwa kazi hiyo tu. Maji huchemshwa, huachwa yapoe au huchanganywa na maji safi mpaka yawe ya uvuguvugu, kisha hupimwa kwa kiwiko na si kwa vidole, kwa maana vidole vya mtu aliyezoea kuepua sufuria jikoni husema uongo. Kiwiko kikiona raha, maji yako tayari. Mtu hukalia maji hayo kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa mara tu baada ya kutoka chooni, kwa sababu joto lile huulegeza msuli uliokaza, na msuli uliokaza ndio unaobeba sehemu kubwa ya maumivu. Chumvi si lazima. Dawa za kuulia vijidudu zisitiwe kabisa, kwa kuwa huunguza ngozi ambayo tayari ina hasira. Baadaye mtu hujikausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, kipande cha khanga kuukuu kilichofuliwa vizuri hutosha, bila kusugua. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu au ngozi yake imepungua hisia ampe mtu mwingine ayapime maji.

Nimeona pia watu wakifanya jambo ambalo linaonekana la busara mpaka ulifikirie: kwenda kukaa ziwani, kwenye maji ya ukingoni yaliyopata jua la mchana, ili wapoze maumivu bila kuhangaika na beseni. Maji yale ya ukingoni yenye magugu ndiyo makao ya konokono wa kichocho, na mtu aliyekaa humo robo saa, mara tatu kwa siku, amekwenda kutafuta ugonjwa wa pili. Kama maji ya nyumbani ni ya ziwa, yachemshwe, au yawe yamekaa kwenye pipa au simtanki lililofunikwa kwa siku mbili kabla ya kutumika. Barafu nayo husaidia siku ya kwanza uvimbe unapokuwa wa moto, lakini iwe imefungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika chache, na isiwe barafu ya samaki ya mwaloni, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mtu.

Kuhusu dukani nina maneno mengi zaidi, kwa sababu huko ndiko aibu hututia hasara. Duka la dawa muhimu la mtaani lina parasetamoli na vitu vya kawaida. Famasi kubwa za mjini ndizo zenye uhakika zaidi wa dawa za kupaka zenye lidokaini na dawa za kuingiza kwenye njia ya haja kubwa. Kabla ya kwenda, amua utasema nini, uyapange maneno yako. Mara ya pili nilipokwenda nilimsubiri muuzaji abaki peke yake, nikasema, “Dada, nina bawasiri ya nje, ina siku moja, inauma, haitoi damu, na nina vidonda vya tumbo.” Akanijibu, “Pole sana, baba, basi dikilofenaki tusiiguse.” Sentensi moja kamili ilinipatia huduma ambayo minong’ono ya mara ya kwanza haikunipatia, na wala hakushtuka, watu wa dawa huyasikia haya kila siku.

Kwa maumivu yenyewe, parasetamoli ndiyo ya kuanzia kwa mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita hadi nane, na visizidi vinane kwa siku nzima, au vipungue zaidi kwa mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe kila siku au mtu mwembamba sana. Hapa kuna mtego wa mtaani kwetu. Vidonge vya mchanganyiko wa dikilofenaki na parasetamoli huuzwa sana, na mtu anayevimeza huku akiongeza parasetamoli ya kawaida hula dozi mbili za dawa ileile bila kujua, kwa hiyo soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya vidonge. Ibuprofeni hutuliza uvimbe vizuri zaidi, lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, anayetokwa na damu nyingi, wala mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20. Tramadoli na dawa zenye kodeini, hata kama jirani amebakiza, ziachwe: pamoja na kuwa si dawa za kupeana mkononi, hufunga choo, na choo kilichofunga ndicho kilichokufikisha hapo. Dawa ya kupaka yenye lidokaini hutia ganzi kwa muda, ikafaa sana dakika chache kabla ya kwenda chooni. Yenye haidrokotisoni hupunguza uvimbe na mwasho, lakini isizidi siku saba, kwa sababu hukondesha ngozi. Dawa za kuingiza hulegea kwa joto, na joto la saa nane mchana ndani ya nyumba ya bati laweza kuzigeuza uji, basi zitafutiwe mahali pa baridi, au zitumbukizwe zikiwa ndani ya karatasi yake kwenye maji ya mtungi kabla ya kutumika.

Hayo yote hayadumu ikiwa choo bado ni kigumu. Kulainisha choo ndiyo dawa ya maumivu ya kesho, na ndiyo maana lazima ianze mapema: mbegu, maganda na nyuzi za vyakula huchukua siku kadhaa kuleta mabadiliko, na zikiongezwa kwa pupa huleta gesi. Mwanza ina bahati ya vyakula. Badala ya sembe nyeupe kuna dona, ugali wa mtama na uji wa ulezi. Kuna michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo wazee wa Kisukuma walivihifadhi kwa ajili ya njaa bila kujua kwamba wanatuhifadhia na matumbo. Kuna matembele, mlenda, choroko, maharage na papai. Nina maoni yangu kuhusu mlo wa chipsi na sangara wa kukaanga jioni baada ya jioni: ni mtamu, lakini tumbo linaupitisha kwa shida. Mtu mzima anahitaji kama gramu 25 hadi 30 za nyuzi kwa siku pamoja na maji ya kutosha, na anayefanya kazi juani anywe zaidi. Choo kikiwa kimekwisha kufunga, laktulosi ya famasi hulainisha baada ya siku moja au mbili, na maganda ya isapgoli humezwa na maji mengi, kwani bila maji hugeuka kizibo.

Chooni kwenyewe sheria ni fupi. Nenda haja inapokuita, usijikamue, usikae zaidi ya dakika tano, na simu ibaki chumbani. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni mkao mzuri kwa utumbo, lakini kuchuchumaa nusu saa huku unasoma ujumbe si mkao mzuri kwa mishipa. Maji hupendeza kuliko karatasi ngumu.

Abiria wa safari ndefu anywe maji kidogokidogo na aamini kwamba basi litasimama, na kila linaposimama ashuke atembee. Dereva wa bodaboda na mpagazi wa mizigo wa Kirumba wana shida ya kazi yenyewe. Mpagazi apumue nje anaponyanyua badala ya kubana pumzi, kwani kubana pumzi chini ya gunia ni sawa na kujikamua chooni.

Mama mjamzito ana sababu mbili za bawasiri, uzito wa mimba na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo hufunga choo. Asiviache, amweleze mhudumu wa kliniki, aongeze maji na papai, na alale kwa ubavu wa kushoto. Vidonge hivyo pia hugeuza choo kuwa cheusi, jambo lisilo na ubaya, tofauti na choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, ambacho ni damu kutoka tumboni juu na ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Safari nyingine zisizongoja asubuhi ni damu nyingi yenye kizunguzungu, homa pamoja na maumivu, kushindwa kukojoa, na kinyama kilichotoka kikakataa kurudi huku kinageuka cheusi. Zinazoruhusu kungoja siku chache, lakini si miezi, ni damu inayorudiarudia, kupungua uzito, na choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa, hasa kwa aliyevuka miaka 40, kwa sababu saratani ya utumbo mpana hujificha vizuri sana nyuma ya jina la bawasiri. Na hapa niseme wazi juu ya wanaotangaza kukata kinyama au kukiunguza kwa dawa ya unga: mtu anaweza kuingia na uvimbe ambao ungepona wenyewe akatoka na kidonda, usaha, au njia iliyosinyaa. Hospitalini bawasiri ya ndani isiyosikia dawa hufungwa kwa kipete kidogo cha mpira mpaka ikauke na kudondoka, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Wengi huogopa kipimo kuliko ugonjwa, basi nikueleze kilivyo. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, umefunikwa shuka. Daktari hutazama, huingiza kidole chenye glavu na mafuta, na pengine kimrija kifupi cha kuchungulia. Ni dakika chache. Unaweza kuomba mhudumu wa jinsia yako awepo, na kama maumivu ni makali mno unaweza kumwomba aishie kutazama kwa siku hiyo. Usife njaa kabla ya kwenda. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, kwa kuwa rufaa ya kwenda hospitali za Sekou Toure au Bugando huenda kwa ngazi, na mwenye bima akiruka ngazi anaweza kujikuta analipia mfukoni. Mkononi uwe na karatasi yenye saa maumivu yalipoanza, rangi ya damu, kama kuna kinachotokeza na kama kinarudi, na majina ya dawa zote ulizomeza, zikiwamo za mitishamba. Mwenye virusi vya UKIMWI au kisukari aseme mapema. Majipu kwake hukua haraka.

Kwa wavuvi wa dagaa nimebakiza jambo moja. Kambi hufanya kazi usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu vyombo hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo za kupanga kipimo cha choo, kufungwa kwa bawasiri ya ndani, au kununua upya vilivyokwisha kwenye kopo la kambi, ambalo liwe na parasetamoli, tyubu moja ya lidokaini yenye tarehe inayosomeka, isapgoli, glavu, kitambaa safi, na namba ya simu ya mwenye boti anayekubali kutoka usiku. Kopo lifungwe kwa kifuniko kinachobana, liwekwe mbali na jiko, na beseni lining’inizwe juu yake, ili atakayelihitaji saa nane za usiku asilazimike kumwamsha mtu kuuliza liko wapi.